Mikono ya Walburga

Mwalimu Kajetani Luambano hakuandika hata siku moja akiwa amevaa kaptura. Kila alfajiri, akiisha kusali na kutandika kitanda chake mwenyewe, alivaa suruali iliyopigwa pasi, shati lililofungwa vifungo hadi kooni, na lile koti la kijivu alilostaafu nalo. Viatu alivipiga dawa hata kama hatavuka kizingiti. Watoto wa majirani walipomcheka, aliwajibu kwamba hadithi ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hapokelewi na mtu aliyevaa nguo za kulimia.

Meza yake ilikaa chini ya dirisha dogo lililotazama uani, na dirisha hilo lilikuwa na pazia. Hapo ndipo palipokuwa na siri ya kazi yake. Kila kiangazi, mahindi yakiisha kuvunwa, mkewe Walburga alitandika mkeka uani, na wanawake wa mtaa wao wa Mshangano wakaja kumsaidia kupukuchua, kama naye alivyokwenda kuwasaidia kwao. Mikono ikifungwa na kazi, midomo hufunguka. Neno ambalo mwanamke hamwambii mumewe wala padri huliangusha pale mkekani pamoja na punje. Mwalimu alikaa nyuma ya pazia, kalamu mkononi, akisikiliza. Wanawake walidhani anasoma, na kwa mtu aliyelelewa na mapadre tangu darasa la kwanza, dhana hiyo ilikuwa ya haki.

Katika mkeka ule vilizaliwa vitabu viwili. Vilichapwa na shirika moja la umma huko Dar es Salaam, zamani zile serikali ilipoona kwamba kitabu ni haki ya raia kama dawa na mbolea, navyo vilisomwa katika shule nyingi za mkoa. Sefu, Muyao wa Namasakata aliyehamia Mshangano na kuuza nguo, alikuwa mtani wake, na kila alipopita nje ya nyumba alipaza sauti: "Tujifiche jamani! Babu zake walituteka kwa mkuki, huyu anatuteka kwa kalamu!"

"Wewe hutekwi," Mwalimu alimjibu kutoka dirishani. "Muyao hana siri ya kuandikwa. Akiwa nayo asubuhi, jua likipanda ameshaiuza sokoni."

"Na Mngoni akinunua, halipi!"

Hivyo ndivyo walivyoishi.

Mazoea yake ya pili hakuna aliyeyajua isipokuwa mkewe. Kila alipomaliza sura, Mwalimu aliitoa uani jioni, majirani wakiwa wamekwisha kwenda zao, akaketi kwenye kigoda na kumsomea Walburga, ambaye kusoma kwake kuliishia kwenye katekisimu ya kukariri. Walburga hakuacha kazi, aliendelea kupukuchua. Mwalimu hakumwuliza neno. Aliitazama mikono yake tu. Kama mikono iliendelea kutoka mwanzo wa sura hadi mwisho, Mwalimu aliingia ndani akaichana. Kama mikono ilisimama, gunzi likabaki limeshikwa hewani na punje zikaacha kudondoka, basi sura ilikuwa imepona. Mhariri wa Dar es Salaam aliwahi kumwandikia akimsifu kwa jicho lake la kuchagua. Mwalimu alishukuru kwa waraka mfupi, wala hakusema kwamba jicho hilo lilikuwa vidole vya mwanamke.

Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Shirika lile la umma lilifunga milango, na muswada wake wa tatu ulirudishwa bila hata kufunguliwa. Duka la vitabu alilolizoea pale mjini liligeuka kuwa duka la mitumba. Mahali palipokuwa na kamusi pakaning'inizwa suruali za wafu wa Ulaya, kama watu walivyoziita. Vibanda vya video vilifunguliwa, na vijana aliowafundisha kuandika insha walilipa kiingilio ili watazame watu wakipigana mateke kwa lugha wasiyoielewa. Mbolea ilipanda bei, shule ikaanza kudai michango, na kila mtu alijifunza kusema neno "binafsi" kana kwamba ni amri ya kumi na moja.

Lakini haya yote Mwalimu angeyavumilia. Lililomuuma lilikuwa jingine: mikono ya Walburga ilikuwa haisimami tena. Kiangazi baada ya kiangazi alisoma na punje ziliendelea kudondoka. Naye aliingia ndani, akachana. Alianza kuogopa kwamba atazikwa akiitwa mwalimu mstaafu na si zaidi.

Ndipo bintiye Noela alipokuja kutoka Namtumbo.

Noela alikuwa ameolewa huko na Fidelisi, mkulima wa tumbaku, kijana mwenye adabu. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alikuwa amefariki masika yale kwa degedege, au hivyo ndivyo walivyoambiwa wote, na msiba ulikuwa umekwisha. Noela alikuja kumsalimia mama yake. Mchana ule majirani walikuwa kwenye harusi, na uani walikaa wawili tu, mama na mwana, wakipukuchua. Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia. Alijua, kama ajuavyo mtu mzima yeyote, kwamba kuna mahali pa kukohoa ili watu wajue upo. Hakukohoa.

"Mau," Noela alisema, "si degedege."

Akasimulia. Ilikuwa siku ya mvua, Fidelisi amekwenda kuazima shoka, na majani ya tumbaku yalikuwa yamening'inizwa banini, kile kijumba cha kuyakaushia kwa moshi. Moto wa bani hauachwi ukazimika, wala hauachwi ukawaka kwa ndimi. Lazima mtu aulinde. Mtoto alikuwa na mafua, na nyumba ilikuwa inavuja. Bani lilikuwa na joto. Alimlaza mlangoni kwa ndani, juu ya gunia, akauacha mlango wazi, akakimbia kuziokoa kuni zilizokuwa zikilowa. Upepo uliufunga mlango. Aliporudi, alimkuta mtoto kama aliyelala.

"Nilimbeba mpaka nyumbani nikamvika nguo safi," alisema. "Walipokuja, nikasema degedege. Mau, ningesemaje?"

Walburga alimvuta binti yake mapajani kama mtoto mchanga, na mahindi yakabaki yalivyo.

Nyuma ya pazia Mwalimu alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Mtoto yule alikuwa mjukuu wake. Lakini yapo mambo mawili yanayoweza kukaa katika kifua kimoja bila kuamkiana: kabla machozi hayajakauka, mkono wake ulikuwa umeshaandika neno *mlango*.

Mlango ule aliujua vizuri. Ulikuwa ubao mweusi wa shule yake mwenyewe. Siku alipostaafu, ubao wa darasa la tatu ulikuwa umeng'olewa na kutupwa, naye aliuomba. Baadaye, Fidelisi alipojenga bani, alimpa aufanye mlango. Rangi nyeusi ilikuwa imechubuka, lakini ile mistari minne myeupe ya kufundishia mwandiko, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta, haikufutika. Watu wa kule walilijua bani la Fidelisi kwa mlango huo, na wapita njia waliulizwa kwa mzaha kama wamekuja kununua tumbaku au kuandikishwa shule.

Mwalimu aliandika mpaka kiangazi kilipokuwa kinakwisha. Kwanza alifanya lililo la heshima: alimhamisha mwanamke yule hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, akamfanya mkaushaji wa samaki. Sura ikalala chali, haipumui. Akamrudisha kwenye tumbaku, sura ikafumbua macho. Akamwita Justa, mume akampa ukoo wa mbali, kijiji hakukitaja jina. Lakini mlango aliuacha ulivyo. Justa anarudi na kuni mabegani, anaona mlango umefungwa, na mbele yake ipo mistari minne ya mwandiko isiyo na neno juu yake. Anaitazama mistari ile kabla ya kuufungua, kwa sababu tayari amejua. Sura yote iliegemea hapo.

Jioni moja alitoka nayo uani, amevaa koti. Walburga alikuwa amebakiza kikapu cha mwisho cha mahindi. Mwalimu alisoma kwa sauti ile aliyokuwa akiwasomea wanafunzi imla, haipandi wala haishuki. Alipofika kwenye kuni zinazolowa, mikono ya Walburga ilisimama. Haikuendelea tena. Alisoma mpaka mwisho, na gunzi lilikuwa bado hewani.

Furaha ilimzidi. Akaivunja kanuni yake, akasema: "Mikono imesimama."

"Imesimama."

"Basi imepona."

"Baba Noela, hiyo uitoe."

"Nimebadili majina. Kijiji sikukitaja."

"Moshi hukuubadili."

"Nilijaribu! Nilimpeleka ziwani akakausha samaki. Hadithi ilinifia mikononi."

"Na mtoto alimfia mtu mikononi," alisema Walburga. Aliliweka gunzi chini taratibu. "Hivi wewe unajua kwa nini mikono yangu husimama?"

"Husimama ukisikia kilicho kizuri."

Walburga alimtazama kama mtu anayetazama kovu lake la zamani. "Yule bibi wa kitabu cha kwanza, aliyemwacha mtoto mmoja njiani siku za njaa ili wawili wafike, ni bibi yangu mzaa mama. Yule mke wa kitabu cha pili, anayekula peke yake jikoni kwa kuwa hakuzaa, ni dada yangu Leticia. Mikono ilisimama kwa sababu nilikuwa nawaona watu wangu wanavuliwa nguo hadharani. Halafu wewe ulikuwa ukiinuka, unaniletea chai, unasema asante."

Mwalimu alisema: "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Walisikia watoto wakiswaga mbuzi kurudi nyumbani. Mwalimu aliyakunja makaratasi yake, akayakunjua.

"Leticia hakujua," alisema.

"Leticia alijua. Alikuja hapa siku ile ya Pasaka, akakaa pale, hakula. Ulidhani anaumwa tumbo." Walburga alishusha sauti. "Noela ana mume, ana mawifi. Akina Fidelisi wakijua kwamba walizika mtoto kwa uongo, hawatampiga. Wale si watu wa kupiga. Watamrudisha. Nami nimemwahidi kwamba limeishia kwangu."

"Lakini hii ndiyo sura pekee..."

"Basi kama huwezi kuitoa yote, utoe ule mlango. Weka mlango wa mbao, wa bati, wa mabua, wowote. Mabani ni mengi Namtumbo, na watoto wanaokufa ni wengi. Mlango ule ni mmoja."

Mwalimu alifikiri, kisha akasema: "Nitautoa."

Walburga akachukua gunzi, akaendelea. Hakumwomba aape. Tangu siku ya ndoa yao, Luambano akisema neno, lilikuwa limekwisha tendeka.

Pale mjini, karibu na stendi ya mabasi, alikuwapo Edmund, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa aliuza daftari na kadi za harusi, na alikuwa amenunua mashine kuukuu ya kuchapa. Mwalimu alimpelekea muswada mzima. Baada ya wiki kadhaa Edmund alimwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umesoma?"

"Nimesoma. Mwalimu, nitasema kama ulivyotufundisha, bila kuzungukazunguka. Sura hizi nyingine zina mafundisho mengi. Watu wa siku hizi hawanunui mafundisho. Wana shida za kutosha. Lakini hii ya moshi..." Aligonga karatasi kwa kidole. "Mke wangu aliisoma akaunguza wali. Hii nitaichapa peke yake. Kijitabu chembamba, mtu anakimaliza basi likifika Njombe. Na jalada nitaweka mwanamke analia, blauzi imechanika kidogo hapa begani."

"Jalada halitakuwa na blauzi iliyochanika."

"Mwalimu, ni biashara..."

"Edmund! Nilikuchapa viboko kwa kuchora upuuzi kwenye daftari la jiografia. Mkono huo ninao bado."

Edmund alicheka, akakubali jalada liwe na mlango tu, mchoro mweusi, bila mtu. Mwalimu aliona ushindi katika jambo hilo. Sura nyingine zote, kazi ya miaka, zilirudi nyumbani kwenye mfuko wa plastiki.

Siku ya kusahihisha chapa ya majaribio, Mwalimu aliketi kwenye benchi la nyuma la duka lile, penye harufu ya wino na mafuta ya taa. Alikuwa ametimiza ahadi: katika muswada aliompa Edmund, mlango ulikuwa wa mbao. Alisoma kutoka mwanzo. Kuni zinalowa, vizuri. Justa anakimbia, vizuri. Anafika, anaona mlango wa mbao umefungwa, anaufungua.

Alisoma tena. Mlango wa mbao. Kila mtu ana mlango wa mbao. Justa hakuwa na sababu ya kusimama mbele yake, na kama hakusimama, hakujua kabla ya kuona. Na kama hakujua, basi ilikuwa ajali tu, kama zile zinazotangazwa redioni kabla ya taarifa ya michezo. Mwalimu alijiambia kwamba wakulima wa tumbaku hawasomi vitabu. Alijiambia kwamba kitabu kitauzwa stendi kwa wasafiri, kitakwenda Makambako na Dar es Salaam, hakitakwenda mashariki. Alijiambia pia kwamba ni miaka mingi tangu kitabu chake cha mwisho, na kwamba yeye ni mzee. Kila alilojiambia lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na hiyo ndiyo hatari ya mtu mwenye akili: akitaka kukosa, hakosi hoja.

"Mwalimu, umeona kosa?" Edmund aliuliza kutoka mbele.

"Moja," alisema. Akakata maneno mawili kwa mstari ulionyooka, na pembeni, kwa ule mwandiko wake mzuri, akaurudisha ubao mweusi na mistari yake minne.

Kijitabu kilipotoka, Walburga alikipokea kwa mikono miwili, akapapasa jalada. "Ni mlango," alisema.

"Ni mlango tu," alisema Mwalimu. "Mchoraji wa Edmund hajui kuchora kingine."

Hakumsomea. Ilikuwa mara ya kwanza. Naye Walburga hakuomba, maana neno alikuwa amekwisha kupewa.

Zilifuata wiki za fahari ambazo Mwalimu alikuwa amezisubiri kwa miaka. Baada ya misa watu walimngoja nje ya kanisa. Sefu alisimama katikati ya nguo zake akakisoma kijitabu kwa sauti, na alipomaliza hakutania; alijifuta macho kwa kola ya shati la kuuza, akasema, "Mngoni we, safari hii umeua." Mwalimu alitembea akiwa amenyoosha mgongo.

Masika yakaingia. Fidelisi alikuja mjini kutafuta mbolea kwa wafanyabiashara, akapita kuwasalimia wakwe. Walburga alikuwa kwenye sala za jumuiya. Kijana alichuchumaa mlangoni kama ilivyo ada, akaamkia, kisha akatoa kijitabu kilichofungwa ndani ya leso safi.

"Baba, nimekikuta stendi. Mwenye kukiuza hakuamini nilipomwambia huyu ni baba mkwe wangu. Nikamwambia, basi nitakuja kukuonyesha kikiwa na sahihi yake." Alicheka kwa haya. "Sijakisoma. Mimi na kusoma ni kama paka na maji. Lakini dada yangu Yasinta anasoma vizuri sana. Nataka akawasomee watu wa nyumbani wajue nimeoa wapi."

Mwalimu alikishika kijitabu. Angeweza kusema kina makosa ya chapa, niachie nikurekebishie. Angeweza kusema lolote. Maneno yalikuwa ndiyo kazi yake. Lakini kijana alikuwa amechuchumaa pale na uso wake unang'aa, na ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu amletee Kajetani Luambano kitabu chake mwenyewe akiomba sahihi. Alichukua kalamu. Aliandika: *Kwa mkwe wangu Fidelisi, kwa upendo wa baba.* Akaipulizia ikauke.

Ulikuwa tena msimu wa kupukuchua mahindi alipokuja Mzee Gaspari. Huyu ndiye aliyekuwa mshenga wakati wa posa ya Noela, mzee mkavu mwenye fimbo, ambaye hakuwahi kuonekana akifanya haraka. Nyuma yake alikuja Noela amebeba sanduku kichwani. Walburga aliinuka mkekani. Alilipokea sanduku, akamshika binti yake mkono, wakaingia ndani.

"Karibu uketi, mzee mwenzangu," Mwalimu alisema.

"Nitasimama. Niliyemchukua kwa kuketi, namrudisha kwa kusimama." Gaspari aliegemea fimbo. "Sikutumwa kugombana. Nimetumwa kueleza."

Akaeleza, bila kupandisha sauti. Tumbaku ikiisha kukauka, alisema, wanawake wa ukoo hukaa mbele ya bani wakichambua majani, marefu huku, mafupi kule, yenye madoa pembeni. Ni kazi ndefu. Fidelisi akamwambia Yasinta awasomee. Wakakaa, mikono inachambua, masikio yanasikiliza. Wengi walilia kwa ajili ya yule Justa. Mke mmoja alisema, maskini, laiti angerudi upesi. Kisha Yasinta akasoma habari za mlango.

"Mikono yote ikasimama," alisema Gaspari. "Hakuna aliyemtazama Noela, Mwalimu. Walitazama mlango. Ulikuwa pale pale, mbele yao, na mistari yake. Yasinta aliendelea kusoma mstari mmoja zaidi, kwa kuwa macho hutangulia akili, halafu naye akanyamaza. Noela peke yake ndiye aliyeendelea kupanga majani. Alipanga mpaka fungu lake likaisha."

"Fidelisi anasema hivi," Gaspari aliendelea, "nami nalileta neno kama lilivyo. Anasema: moto ni moto, na upepo hauna mwenyewe, kwa mtoto simlaumu mtu. Lakini nilizika bila kujua ninachozika. Na baba mkwe alijua kabla yangu, akauza, kisha akaniandikia *kwa upendo*. Ukoo umesema Noela apumzike kwao."

"Kwa muda gani?"

Gaspari alitoa kijitabu katika leso, ile ile safi, akakiweka juu ya kigoda ambacho Mwalimu alizoea kukalia wakati wa kusoma. Kisha akaaga kwa heshima zote, jambo lililouma kuliko tusi, akaondoka kwa mwendo wake usio na haraka.

Mwalimu alikaa uani mpaka jua likatua nyuma ya nyumba. Walburga alipotoka, alikiona kijitabu, akakiokota, akakifungua kama anavyokifungua mtu asiyejua kusoma, akitafuta.

"Ni wapi?" aliuliza.

Mwalimu alimwonyesha. Walburga aliweka kidole juu ya mahali pale, akakisogeza taratibu hadi mwisho wa mstari, kana kwamba anapima urefu wa kitambaa. Alifunga kijitabu, akamrudishia.

Kiangazi kile wanawake waliendelea kuja kupukuchua, kwa kuwa mahindi hayangoji watu wapatane. Mwalimu aliendelea kuamka alfajiri, kusali, kuvaa koti, kuketi dirishani. Lakini uani hapakuwa na maneno. Walisalimiana, walipeana maji, waliombana ungo, basi. Siku moja alisikia mmoja akianza, "Mwenzenu jana nimeona mambo," na mwingine akamgusa kwa gunzi, akaelekeza kidevu kwenye pazia. Kikafuata kicheko kidogo, kisha kimya, kisha punje.

Alipokutana na Sefu njiani, alijiandaa kwa utani wa mkuki na kalamu, akautamani kama mgonjwa anavyotamani chumvi. Sefu alisogea kando ya njia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," alisema, kama mtu anavyomsalimia mgeni asiyejulikana anatoka wapi.

Mwalimu alitoa pazia dirishani, akalikunja, akalirudisha kabatini. Haikubadili kitu. Kwa kuwa hakuwa na la kusikia, aliandika alichokuwa nacho: habari za mzee mmoja aliyeishi nyuma ya dirisha. Aliandika bila kubadili jina la mtu wala la mahali, na alipomaliza alidhani kwamba kwa mara ya kwanza ameandika kitu ambacho ni chake mwenyewe. Jioni alitoka nayo uani, amevaa koti na viatu vyake vinavyong'aa. Walburga na Noela walikuwa mkekani, kikapu katikati yao.

"Nina sura hapa," alisema.

Noela hakuinua kichwa. Walburga alisogeza magunzi ili kigoda kipate nafasi.

"Soma tu, Mwalimu," alisema. "Sisi tuna kazi."

Miaka yote alikuwa amemwita Baba Noela.

Akaketi, akasoma. Alisoma habari za pazia na za kikohozi ambacho hakikukoholewa. Alisoma kuhusu benchi la nyuma, wino, na mstari ulionyooka uliokata maneno mawili. Sauti yake, ambayo haikuwahi kupanda wala kushuka, ilitetemeka mahali pa sahihi. Aliinua macho juu ya karatasi akaitazama mikono, miwili ya mke na miwili ya mwana. Ilikuwa inazunguka gunzi kwa mwendo mmoja, bila haraka na bila hasira, na punje zilikuwa zinadondoka kikapuni, zinadondoka. Akasoma hadi neno la mwisho. Kikapu kilipojaa, Noela alikiinua, Walburga akavuta kingine kitupu.